Mnara Wenye Tundu la Upepo

Wagdi Shalabi hakuwa na kazi siku hiyo, na mtu kama Wagdi akikosa kazi, mtaa mzima unapaswa kushika mifuko yake. Alikuwa ameketi kwenye mkahawa wetu wa Attarin, hapa Iskandaria, akinywa chai kwa kuilamba lamba ili isiishe kabla hajampata wa kuilipia, ndipo akawasikia watu wawili wakigombana juu ya jengo ambalo halikuwepo.

Mmoja alikuwa Bibi Iftikhar, mwalimu wa uchoraji aliyestaafu, mkazi wa ghorofa ya nne, ambaye bado huzungumza na watu wazima kana kwamba wamesahau penseli nyumbani. Wa pili alikuwa Girgis, fundi wa samani, anayetengeneza viti asubuhi na kuviuza jioni kama viti vya kale vilivyokaliwa na wafalme. Walichokuwa wakikitazama ni uwanja wa sinema ya kiangazi ng'ambo ya barabara: kuta bila paa, mmojawapo umepakwa chokaa kuwa skrini, na kibanda cha tiketi. Sinema ilikufa zamani, uwanja ukabaki. Harusi zetu hufanyika humo. Meza za futari hutandikwa humo. Na kwa kuwa majengo mengine yote yamebanana kama meno, ni humo tu upepo wa bahari unapopata mlango wa kuingilia Attarin.

Asubuhi hiyo mtu alikuwa ametundika kibao langoni: UNAUZWA. Warithi walikuwa Athens, na walikuwa wamechoka kurithi bila kula.

Hapa Iskandaria hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya kibao hicho. Tumeona nyumba zenye bustani zikilala nyumba na kuamka mashimo, na kila mara ilikuwa sikukuu, na kila mara wakaguzi walikuwa mapumzikoni. Ufukwe umeuzwa kipande kipande kwa wauza kahawa, mpaka mtu sasa analipia kiti ili aone maji aliyozaliwa nayo. Waliokata utepe tunawakumbuka. Mikasi yenyewe tunaikumbuka.

Kwa hiyo Bibi Iftikhar alikuwa akisema watajenga mnara wa ghorofa arobaini, wa vioo vyeusi kama miwani ya polisi, na ile bahari kidogo anayoiona akipanda juu ya kigoda jikoni itazibwa. Jengo la hapa, alisema, lazima liwe na matao na vibaraza, lisimame na wenzake kwa adabu. Girgis akajibu kwamba adabu ya jengo ni kivuli chake. Jua la mchana linakula vanishi ya viti vyake. Ukija mnara, yeye ataupokea kwa sherbeti, mradi kivuli kiangukie dukani kwake.

Wagdi akaweka glasi chini taratibu. Watu hawa walikuwa wameshaingia ndani ya jengo. Wanapanda ngazi, wanagombania madirisha. Kilichobaki ni mtu wa kuwakatia tiketi.

Kesho yake alirudi na miwani ya vioo vitupu, bunda la karatasi za ukutani lililoviringishwa kitaalamu, na penseli sikioni. Akajitambulisha kama Mhandisi. Akasema kwa huzuni kwamba mnara umeshaamuliwa huko juu, na alipotaja huko juu aliinua kidole na macho, na wote wakainua macho, maana tumezoea kuamuliwa kutoka huko. Ila umbo lake, akasema, bado liko wazi. Safari hii wakubwa wanataka maoni ya wananchi. Mwenye pingamizi alete, na mchoro utarekebishwa.

"Bure?" akauliza Girgis.

"Fundi Girgis, wewe unapaka vanishi bure?"

Hapo wakamwamini. Kitu cha bure wangekishuku.

Sasa Wagdi alikuwa mtapeli wa viwango: alishawahi kuwauzia watu visima vya mafuta na bwana harusi mmoja kutoka Kuwait. Kwenye ujenzi alikuwa mgeni. Ila alikuwa amesikia vijiweni kwamba wakandarasi wa mji huu hawaandiki majina yao popote. Humtafuta masikini mmoja, kibali kikawa kwa jina lake, mauzo kwa jina lake, na jengo likipinda, faini na kifungo vikaenda kwa jina lake. Mtu huyo tunamwita kahuli. Wagdi alisikia habari hiyo akaipenda kama mtu anavyopenda wimbo baada ya kusikia kiitikio tu.

Na kahuli hakuwa mbali. Aliishi kwenye kibanda cha tiketi cha sinema yenyewe. Ami Bashandi alikuwa mzee mnene, mpole, anayelinda uwanja usio na cha kuibiwa. Majengo kadhaa marefu ya mji huu yaliandikwa jina lake, na hajawahi kulala hata katika moja. Kwenye karatasi alikuwa miongoni mwa matajiri wa Iskandaria. Jela alikuwa ameingia na kutoka kiasi kwamba askari walimuulizia alipochelewa.

Masharti yake yalikuwa yale yale tangu ujana wake: mkate wa maini kila mchana, sigara, na akifungwa atembelewe kila Ijumaa.

"Na mkate uwe na achari," akasema Ami Bashandi. "Achari ya limau. Maini bila achari ni dawa."

Wagdi akamwapia, akamsainisha kila kitu: kampuni, muhuri, na dhamana ya mnara wa hewa. Ami Bashandi alisaini bila kusoma, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesaini sana. Wiki hiyo hiyo Wagdi akagundua kwamba achari inalipiwa pembeni, akaikata. Mzee alifunua mkate, akatazama ndani, akaufunika.

Fedha nazo Wagdi hakuzigusa mbele ya watu. Hakuwa mjinga kiasi hicho. Anayelipa alimpa Ami Bashandi, naye alizitia kwenye sefu ya zamani ya kibanda cha tiketi. Funguo zilikuwa mbili, mmoja kwa mzee na mmoja kwenye soksi ya Wagdi.

Mkutano wa maoni ukafanyika uwanjani. Wagdi alikuwa ametengeneza mfano wa mnara kwa sponji ngumu iliyokuja na friji ya jirani, akaupaka rangi ya fedha na kuusimamisha juu ya meza ya futari. Watu waliuzunguka kama jeneza. Kisha wakaanza.

Bibi Iftikhar alitaka mnara usogee, bahari yake ipite. Wagdi akatoa kisu cha jikoni, akaukata ubavu mbele yao, sponji ikalia kwii, na Bibi akalipa. Lakini mnara uliposogea, kivuli kikasogea nacho, kikamkimbia Girgis. Girgis akalipa ili juu upinde kurudi kwake. Wenye vyumba vya nyuma wakalalamika kwamba ukipinda watakosa jua la kuanikia nguo, wakachanga, ukakatwa mabega. Mwenye njiwa akataka njia ya njiwa. Muadhini alihofia sauti yake itagonga kioo imrudie mwenyewe, akataka ghorofa za katikati ziwe za mawe. Kivuli kiliuzwa kwa waliokitaka, kikauzwa tena kwa wasiokitaka. Ndivyo tulivyo, hakuna aliyelipa ili mnara usijengwe. Kila mtu alilipa ili umuumize jirani.

Mwisho Bibi Iftikhar akanyoosha mkono. "Na upepo?"

Wagdi akatazama uwanja. Hata yeye, ambaye huruma yake ilikauka zamani, aliuhisi upepo ukimpapasa shingo.

"Tutautoboa," akasema. Akachoma kisu katikati ya mnara, akazungusha, akatoa donge la sponji. "Tundu la upepo."

Watu walipiga makofi. Meza ilikuwa imesimamisha kitu kinachofanana na ngamia aliyemeza ngazi na kupigwa risasi, na walikipigia makofi, kwa kuwa kila mmoja aliona kipande chake. Wagdi naye akalewa makofi, akafanya kosa la watu wa maneno: akaahidi zaidi ya alichoombwa. Mbele ya mtaa wote, kwa jina la kampuni, alitamka kwamba hakuna tofali litakalowekwa mpaka kila mtu aliyehudhuria mkutano ule akubali umbo la mnara. Kila mtu, bila kubakiza hata mmoja. Ami Bashandi, kama mwenye kampuni, akagonga muhuri juu ya ahadi hiyo na kuibandika langoni, pale palipokuwa na kibao.

Kelele za Attarin zikafika mbali, na zikamleta Haji Metwali.

Haji Metwali ndiye mkandarasi aliyetulisha mavumbi tangu tuko shule. Kila alipojenga, paliota mnara na pakanyauka mtaa, na jina lake hulioni popote, hata kwenye kisanduku chake cha barua. Uwanja wa sinema alikuwa akiumezea mate miaka yote, ila warithi wa Athens walikuwa wameapa kutomuuzia. Aliposikia watu wanagombania mnara usio wake, damu ikampanda. Wagdi alimwambia ukweli mmoja, kwamba hakuna kilichojengwa. Haji akacheka.

"Mhandisi, mimi nimekula chumvi nyingi kwenye kazi hii. Watu hawagombani namna hii kwa kitu kisichokuwepo. Nani yuko nyuma yako?"

Wagdi akainua kidole na macho. Haji akatikisa kichwa kwa heshima.

Wakakubaliana kwa minong'ono na chai ya mnanaa. Haji atatoa bei nzima ya uwanja, kampuni iununue, na yeye akae nyuma ya pazia kama kawaida yake. Ile ahadi ya langoni aliiona kichekesho. Watu wa mtaa, alisema, hukubali chochote wakiletewa sanduku la vitamu vya baklawa. Jina lake lisitajwe, mkono wake usionekane. Hata Wagdi hakutaka kumpa zile fedha.

"Nikikupa wewe, tunakuwa wawili tunaojuana," akasema. "Mzigo anapewa kahuli. Ndiyo kazi."

Akauingiza mwenyewe kwenye kibanda cha tiketi, gunia la pamba lisilo na pamba, na Ami Bashandi akalipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto wa kubatizwa.

Wagdi alijua ameula. Alhamisi mchana kulikuwa na treni ya Kairo, na Kairo ni kubwa, inameza wahandisi. Asubuhi alikwenda kwa kinyozi, maana hakupenda kutoroka na ndevu, akakaa pale kitambaa cha moto usoni akijipangia maisha. Huruma kidogo ilimjia kwa Ami Bashandi, ambaye jioni ile angepigwa pingu. Akaamua akifika Kairo atamtumia achari. Kisha akaona gharama ya kutuma, akaghairi.

Alipofika kwenye kibanda, hapakuwa na mtu. Akavua soksi, akafungua sefu.

Ndani mlikuwa na chupa ya achari ya limau, imejaa mpaka shingoni. Kingine, hakuna.

Alimkuta mzee mkahawani, kwenye kiti chake Wagdi mwenyewe, anakula mkate wa maini, Bibi Iftikhar na Girgis wamekaa kulia na kushoto kwake kama mawaziri. Wagdi akainama sikioni kwake na kuuliza mzigo uko wapi.

"Nimenunua uwanja," akasema Ami Bashandi.

"Umefanya nini?"

"Si fedha za kununulia uwanja? Nimekwenda kwa wakili wa warithi, nimelipa, nimesaini. Tena kwa mara ya kwanza nimesoma. Zile za mtaa zimepaka chokaa ukuta, zimenunua mashine ya picha, na zilizobaki amechukua Girgis kwa viti."

"Viti vya asili vya sinema hiyo hiyo," akaingilia Girgis, ambaye alikuwa amemaliza kuvipigilia misumari asubuhi.

"Wewe ni kahuli," Wagdi akasema. "Huna kitu. Jina tu."

Ami Bashandi akafuta midomo yake. "Mhandisi, hii kazi umefundishwa nusu. Mkandarasi wa kweli, kabla hajanipa hata sigara, ananipeleka kwa msajili kuchukua hati yangu ya uwakilishi, yeye ndiye awe na saini yangu, ili nikiamka na akili asubuhi moja nisiweze kuuza hata kitasa. Wewe hukuchukua. Nikangoja. Nikasema labda anakuja kesho. Hukuja, na achari ikakata." Akamega mkate. "Nimetunza majumba ya watu kwa mwili wangu. Kifua hiki kina baridi ya jela za watu wengine. Hicho kibanda ndicho nyumba yangu, na wewe ulikuwa unanilipa niuze upepo wake. Ungeweka achari, nadhani ningenyamaza."

Wagdi akasema ataita polisi. Bibi Iftikhar akamuuliza, kwa upole wa kumuuliza mtoto, atawaambia yeye ni nani, na jina lake limeandikwa wapi.

Haji Metwali alikuja jioni na wapambe. Akadai gunia lake. Ami Bashandi alimkaribisha chai na kumuuliza gunia gani, lenye jina la nani. Maisha yake yote Haji alikuwa akilikwepa jina lake, na sasa alipolihitaji halikuwepo. Basi ujenzi uanze, akasema, uwanja si umenunuliwa? Mzee akamwonyesha ahadi pale langoni. Mtaa ukishakubaliana, tofali litawekwa. Yeye ni mtu wa neno lake. Karibu, Haji, kila Alhamisi tunajadili.

Tangu hapo Attarin hujadili mnara kila Alhamisi. Matao au vioo, ghorofa arobaini au nne. Walioishi hapa miaka yote bila kuelewana sasa walipata sababu njema ya kutoelewana. Baada ya mjadala taa huzimwa na picha huonyeshwa ukutani, na Ami Bashandi, ambaye hakuwa malaika, akaanza kuwatoza hata wanaoangalia kutoka vibarazani mwao.

Wagdi hakufika Kairo. Wapambe walimkuta stesheni, ndevu zimenyolewa vizuri. Haji hakumpiga. Alimtazama tu, akasema kahuli wake amestaafu, akauliza Wagdi ana mwandiko gani. Mwandiko ulikuwa mzuri. Upande wa magharibi Haji alikuwa na jengo lililoongezewa ghorofa bila kibali, likaanza kuinama kuelekea kwa jirani kama linalomnong'oneza. Hakimu alimtafuta mwenye jengo, akampata Wagdi Shalabi.

Kwenye chumba cha wageni cha jela, Ijumaa ya kwanza, hakuna aliyemtazamia Wagdi kuwa na mgeni. Ami Bashandi aliingia akisalimiana na askari kwa majina, akauliza habari za watoto wao, akakaa. Akasukuma mkate uliofungwa kwenye gazeti.

"Tuna balaa," akasema. "Haji amejifunza. Amepita nyumba kwa nyumba na baklawa. Kwa huyu kalipa deni, kwa yule kaahidi fleti. Bibi Iftikhar alibaki peke yake, na sasa kaanguka jikoni na kigoda chake akichungulia bahari. Yuko hospitali, mguu juu. Alhamisi alimwandikia Girgis amsemee. Girgis kamsemea kwamba anakubali."

"Girgis?"

"Haji amenunua viti vyake vyote. Vya wafalme. Mtaa mzima umekubali, tundu la upepo duara, mnara usimame. Katapila liko langoni. Bibi ameapa atakuja kukanusha hata kwa machela, lakini daktari kamfungia. Mimi mwenye muhuri sihesabiwi. Nikahesabu waliohudhuria ule mkutano. Kila mtu, ulisema. Bila kubakiza hata mmoja."

Wagdi alitafuna polepole. Alijua anachoulizwa. Na Haji alikuwa amemwahidi wakili mzuri, wa kumtoa kabla ya majira ya baridi, mradi awe mtu wa kukubali. Akafikiri juu ya kifua chake na sakafu ya saruji. Akafikiri, bila kupenda, juu ya upepo ule uliompapasa shingo siku aliyokuwa na kisu mkononi na mtaa mzima ukimpigia makofi.

Akafunua mkate, akatazama ndani.

"Umeweka achari."

"Nimeweka."

Wagdi akaufunika, akaung'ata, akafumba macho.

"Lete muhuri wako," akasema na mdomo umejaa. "Waambie Mhandisi amepinga. Tundu liwe mraba."